Kiti cha Mkuu wa Shule: Historia ya Uongozi wa Shule Tanzania na Kenya

Mkuu wa shule hubeba dhamana ya mambo matatu kwa wakati mmoja: masomo ya wanafunzi, mwenendo wa walimu na mali ya shule. Tanzania Bara, anayeongoza shule ya msingi huitwa mwalimu mkuu, na anayeongoza sekondari huitwa mkuu wa shule. Kenya, wote wawili huitwa mwalimu mkuu. Cheo hiki kililetwa Afrika Mashariki na wamisionari na serikali za kikoloni, kikarithiwa na serikali huru, na kila zama ikakiongezea kazi bila kuziondoa zile za zamani. Mamlaka ya kuajiri walimu, kupanga mitaala na kugawa fedha, hata hivyo, kwa kawaida yalibaki mikononi mwa wengine. Historia ya wakuu wa shule ni historia ya watu waliotakiwa kujibu kwa mambo mengi kuliko yale waliyopewa uwezo wa kuyaamua.

Mwalimu wa chuo

Kabla ya shule za Wazungu, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na vyuo vya Kurani. Mwalimu wa chuo alikuwa mwenye chuo, mfundishaji na msimamizi wa nidhamu, yote kwa pamoja. Watoto walikaa barazani kwake au kando ya msikiti, wakajifunza herufi za Kiarabu kwenye ubao, kisha wakapanda juzuu kwa juzuu hadi kuhitimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari ameeleza maisha ya vyuo hivyo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903.

Mwalimu huyo hakuwa na mkaguzi wala mshahara wa mwezi. Alipata ada kwa wazazi, kwa fedha au kwa vitu, na heshima yake ilitokana na elimu na mwenendo wake mbele ya watu wa mtaa. Mzazi asiyeridhika alimhamisha mtoto, na mwalimu aliyeharibu jina lake alibaki na baraza tupu. Dhamana yake ilielekea upande mmoja tu, kwa wazazi na jamaa zao. Upande wa pili, yaani serikali, ulikuja na ukoloni.

Shule ya Tanga na walimu wa matawi

Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ilikusudiwa kutoa makarani, wakalimani, wakusanya kodi na maakida watakaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, maana utawala ulihitaji watumishi ambao barua zao zingeweza kusomwa ofisini. Mkuu wake alikuwa Mjerumani aliyeripoti kwa utawala. Shule hiyo ilikuwa na karakana, bendi ya tarumbeta na mtambo wa kuchapishia, na hapo ndipo gazeti la Kiongozi lilipoanza kutolewa katikati ya muongo wa kwanza wa karne ya 20.

Wahitimu wa Tanga walipelekwa kuongoza shule ndogo za matawi vijijini, na hao ndio Waafrika wa kwanza Tanganyika kuongoza shule za serikali. Kijana wa umri wa miaka ishirini hivi alijikuta katika kijiji kisichomjua, akiwa na darasa moja, buku la mahudhurio na amri ya kujaza viti. Wazazi wengi hawakuona faida ya kumtoa mtoto shambani, kwa hiyo mwalimu alimtegemea akida au jumbe awalete watoto, wakati mwingine kwa nguvu. Tangu hapo watu wa vijijini walimwona mkuu wa shule kuwa mkono wa serikali, na sura hiyo ilichukua muda mrefu kufutika.

Misheni zilikuwa na shule nyingi zaidi kwa mbali. Hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, shule za misheni zilizidi elfu moja, na zile za serikali hazikufika mia moja. Nyingi za misheni ziliongozwa na makatekista waliofundisha kusoma, kuhesabu na dini chini ya paa la makuti au nyasi. Bwana wao alikuwa padri au mchungaji, na kazi yao haikutenganishwa na kanisa.

Waingereza na mfano wa bweni

Baada ya vita, Tanganyika ilikabidhiwa kwa Uingereza, na mwaka 1920 Stanley Rivers-Smith, aliyekuwa amesimamia elimu Zanzibar, akawa mkurugenzi wa kwanza wa elimu. Sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali ukaguzi na kuwa na walimu waliosajiliwa. Kuanzia hapo mkuu wa shule ya misheni alikuwa na mabwana wawili: kanisa lililomweka na idara iliyotoa fedha.

Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, ikiigiza shule za bweni za Uingereza. Kulikuwa na mabweni yenye kushindana, viranja, gwaride na michezo ya jioni. Mkuu wa shule alisimama juu ya ngazi yote hiyo, na nidhamu ya kila siku aliiachia viranja. Utaratibu huo ulihamia karibu kila sekondari ya bweni iliyofuata, na mpaka leo kiranja mkuu ni mtu mzito katika shule za Tanzania na Kenya. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942.

Wapo waliojaribu njia nyingine. W. B. Mumford, aliyeongoza shule ya Malangali, Iringa, tangu mwaka 1928, alitaka shule isimng'oe mtoto kwao. Mabweni yalijengwa kwa mtindo wa nyumba za wenyeji, wazee walialikwa kufundisha mila, na ngoma na mkuki vilikuwa sehemu ya ratiba. Jaribio hilo liliandikwa sana na wataalamu wa wakati huo, lakini halikudumu baada yake. Wazazi waliopeleka watoto shuleni walitaka wapate Kiingereza na kazi ya ofisini, si kufundishwa yale ambayo nyumbani walifundishwa bure. Mpango wa mkuu ambao wazazi hawakuushika ulikwisha alipohama.

Carey Francis na Githunguri

Nchini Kenya, muungano wa misheni za Kiprotestanti ulifungua Alliance High School huko Kikuyu mwaka 1926, G. A. Grieve akiwa mkuu wa kwanza. Aliyemfuata mwaka 1940, Edward Carey Francis, ndiye mkuu wa shule aliyejulikana zaidi Kenya ya kikoloni. Alikuwa mwanahisabati wa Cambridge aliyeacha kazi ya chuo kikuu, akaja Maseno mwaka 1928 chini ya misheni ya CMS na kuongoza shule huko kwa miaka kumi na miwili. Hakuoa, akaishi na kazi yake. Siku ya Alliance ilianza kwa usafi na ukaguzi, na mkuu mwenyewe alifundisha hisabati darasani.

Msimamo wake wa kisiasa ulikuwa na pande mbili. Aliamini Waafrika wangeweza kushindana na yeyote katika mtihani, na matokeo ya Cambridge ya wanafunzi wake yalithibitisha hivyo. Lakini hakuona kwamba wakati wa uhuru ulikuwa umefika, jambo lililomgombanisha na baadhi ya aliowalea. Oginga Odinga, aliyepita mikononi mwake Maseno, alieleza migongano yao katika kumbukumbu zake. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, Carey Francis alipinga Mau Mau, na pia akailaumu serikali kwa ukatili wa askari wake. Alistaafu Alliance mwaka 1962, akaenda Pumwani, Nairobi, kufundisha kama mwalimu wa kawaida, na huko ndiko alikokuwa akifundisha hadi alipofariki mwaka 1966. Baraza la kwanza la mawaziri la Kenya huru lilijaa watu waliosoma Alliance.

Maili chache kutoka Kikuyu palikuwa na mfano wa pili, wa shule isiyotaka misheni wala serikali. Mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana uliwafanya Wakikuyu wengi wajitenge na misheni na kujenga shule zao chini ya vyama vya shule za kujitegemea, KISA na KKEA. Shule hizo zilihitaji walimu, na mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani, alifungua Chuo cha Walimu cha Githunguri. Fedha zilichangwa na wananchi, marika yakishindana kutoa. Jomo Kenyatta alirudi kutoka Uingereza mwaka 1946, na mwaka uliofuata akashika uongozi wa chuo.

Mkuu wa shule ya aina hii alitegemea michango, kwa hiyo siku zake zilijaa mikutano na wazazi na mahesabu yaliyodaiwa na kila mchangiaji. Alikuwa huru kwa mkaguzi lakini si kwa watu waliojenga. Serikali iliifunga Githunguri na shule nyingi za kujitegemea mwaka 1952. Uzoefu wa kujenga kwa michango, hata hivyo, ulirudi baada ya uhuru katika shule za Harambee, ambazo wakuu wake wengi walianza kazi wakiwa na madarasa mawili na kamati yenye madeni.

Kutoka ubaoni hadi jukwaani

Ukoloni uliacha nafasi chache kwa Mwafrika aliyesoma, na ualimu ulikuwa mojawapo. Ndiyo sababu viongozi wengi wa uhuru walipitia darasani. Daniel arap Moi aliongoza shule huko Kabarnet kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika baraza hilo mwaka 1944, naye alikuwa mwalimu. Uongozi wa shule uliwapa mazoezi ya kusema mbele ya watu, kutunza mahesabu na kupatanisha ugomvi, na uliwapa pia jina linalojulikana kata nzima.

Lakini kiti hicho kilikuwa na mpaka. Tanganyika, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa, na shule za misheni nazo zilikuwa na tahadhari hiyo hiyo. Nyerere, aliyefundisha St. Francis, Pugu, baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na uongozi wa chama cha TANU. Machi 1955 aliacha kazi. Mkuu wa shule katika mazingira kama hayo ndiye aliyefikishiwa amri za juu na kutakiwa kuzitekeleza kwa mwalimu mwenzake, hata pale alipomheshimu.

Mkuu wa shule na ujamaa

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sekondari zilikuwa chache na wakuu wengi wakiwa Wazungu. Ubaguzi wa rangi katika shule uliondolewa kisheria, na shule nyingi za misheni zikawekwa chini ya serikali kwa sheria ya mwaka 1969. Mkuu wa shule akawa mtumishi wa umma anayeweza kuhamishwa kutoka Bukoba hadi Mtwara kwa barua moja.

Machi 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo uliilaumu elimu ya kikoloni kwa kuwatenga wasomi na wakulima, ukataka kila shule iwe pia shamba au karakana. Mkuu wa shule akaongezewa kazi ya kusimamia mazao, mifugo na mapato yake. Penye ardhi nzuri na mkuu mwenye ujuzi wa kilimo, shule ilijilisha. Kwingine, jembe liligeuka adhabu ya wachelewaji, na mapato ya shamba yakawa chanzo cha manung'uniko kati ya wanafunzi, walimu na wazazi.

Mfano uliozungumzwa zaidi ni Litowa, karibu na Songea, shule ya vijiji vya Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mwalimu mkuu wake, Suleman Toroka, aliiendesha kama sehemu ya kijiji. Watoto walilima, wakapanga kazi zao, wakajadili mambo ya shule, na lengo lilikuwa kuwaandaa kuishi vijijini badala ya kusubiri ajira mjini. Mambo mengi yaliyomo katika Elimu ya Kujitegemea yalikuwa yakitendeka huko tayari. Hata hivyo, Septemba 1969 uongozi wa TANU ulikivunja chama hicho, ukipendelea vijiji viwe chini ya chama na serikali, na walimu wa Litowa wakatawanywa kwenye vituo vingine. Ubunifu wa mkuu wa shule ulikuwa salama kwa kadiri ulivyokubaliwa na wakubwa wake.

Wanawake walishika uongozi hasa katika shule za wasichana. Barbro Johansson, mmisionari kutoka Sweden, alianzisha shule ya wasichana ya Kashasha, Bukoba, katika miaka ya 1940, wakati wazazi wengi waliona elimu ya binti kuwa hasara. Baadaye alikuwa mbunge, akachukua uraia wa Tanzania, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 akaongoza Sekondari ya Wasichana Tabora. Wakuu wa kike walibeba mzigo wa ziada wa kuwashawishi wazazi wasimwoze mwanafunzi kabla hajamaliza.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya 1989 iliyopangwa awali. Wanakijiji walijenga madarasa, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na redio. Mwalimu mkuu wa kijijini alipokea walimu wasio na uzoefu, madarasa yaliyoingia kwa zamu mbili, na pia darasa la watu wazima la jioni. Mara nyingi ndiye aliyeandika barua za kijiji na mihtasari ya mikutano.

Mafunzo yaliyochelewa

Kwa muda wote huo, mtu alipewa uongozi wa shule kwa sababu alifundisha vizuri au alikaa kazini muda mrefu. Uhasibu, sheria za utumishi na usuluhishi alijifunza papo hapo. Mwaka 1979 Tanzania ilianzisha huko Bagamoyo chuo cha kufunza viongozi wa elimu, MANTEP, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM. Kenya nayo ilianzisha taasisi ya aina hiyo katika miaka ya 1980, ambayo sasa inaitwa KEMI. Mafunzo yalikuja wakati mgumu. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, bajeti za elimu zilipungua, wazazi wakatwishwa tena ada na michango, na wakuu wakaongoza shule zenye watoto waliokaa sakafuni.

Nidhamu ilikuwa eneo lililowapima zaidi. Tanzania, kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, zikamtaka mkuu wa shule avitoe mwenyewe au aruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kenya ilipiga marufuku viboko mwaka 2001. Misiba ya mabweni ya Kenya, ikiwemo St. Kizito mwaka 1991, walipokufa wasichana 19, na Kyanguli mwaka 2001, walipokufa wavulana 67, ilionyesha hatari ya shule ambayo malalamiko ya wanafunzi hayapati masikio. Geoffrey Griffin, aliyeanzisha Starehe, Nairobi, mwaka 1959 kwa ajili ya watoto wa mitaani pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alijulikana kwa kikao cha mara kwa mara ambamo wanafunzi waliruhusiwa kusema wazi kero zao. Aliongoza shule hiyo hadi alipofariki mwaka 2005.

Ujenzi, ruzuku na lawama

Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ilikwisha kufanya hivyo kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002. Chini ya MMEM fedha za ujenzi ziliingia katika akaunti za shule, na mwalimu mkuu pamoja na kamati ya shule wakawa wanunuzi wa saruji na wasimamizi wa mafundi. Kisha zikaja sekondari za kata: shule za sekondari Tanzania zilikuwa 1,745 mwaka 2005, zikavuka 4,000 mwaka 2009. Wakuu wapya waliteuliwa kwa wingi, wengine wakiwa vijana, katika shule zisizo na maabara na zenye walimu wa muda mfupi wa mafunzo, ambao mitaani waliitwa "voda fasta". Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipokuwa mabaya kupita kiasi hadi yakapangwa upya, lawama ya kwanza iliwafikia wakuu hao. Mwaka uliofuata, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipangwa hadharani kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne. Tangu Januari 2016 ruzuku ilipelekwa moja kwa moja shuleni kila mwezi, na posho ya madaraka ikawekwa: shilingi 200,000 kwa mwalimu mkuu na 250,000 kwa mkuu wa shule. Posho hiyo ilikuwa utambuzi wa kazi iliyofanywa kwa miaka mingi bila malipo ya ziada. Upande wa pili, uandikishaji wa darasa la kwanza ulipanda ghafla, na mkuu aliyethubutu kuomba mchango wa madawati alihofia kuvuliwa madaraka. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, na wakuu waliokuwa wakiwaandikia barua za kuwafukuza wakatakiwa kuwapokea.

Ukitazama safari hiyo yote, wakuu walioacha alama wana mambo mawili yanayofanana: walikaa mahali pamoja muda wa kutosha, na walikuwa na watu nyuma yao, wawe wazazi, kanisa au wanafunzi wenyewe. Mumford alikosa la pili, Toroka alinyimwa la kwanza. Serikali zimekuwa hodari kumpa mkuu wa shule majukumu na nyepesi kumhamisha. Hadi mafunzo yatangulie uteuzi, na muda wa kukaa kituoni uheshimiwe, ubora wa shule nyingi utaendelea kutegemea bahati ya kumpata mtu anayefaa.